Mkwaruzo Mdogo na Swali la Tisa

Hotuba kwa wenye magari na madereva, iliyotolewa Mwanjelwa, jijini Mbeya

Ndugu wenye magari, ndugu madereva, wazee wangu na vijana mlioacha shughuli za Jumamosi ili tukae pamoja, nawashukuru sana, na kwa wenyeji wa Rungwe na Kyela nasema ndaga fijo. Niliombwa nizungumzie bima ya magari kwa jumla. Mambo ya bima ni mengi na muda tuliopewa ni mfupi, kwa hiyo nimechagua swali moja tu lililomo kwenye fomu ya maombi, swali ambalo katika miaka yangu ya kupokea na kukagua madai nimeliona likiwaumiza watu waungwana kuliko jingine lolote. Kila kampuni huliuliza kwa maneno yake, lakini maana ni hii: je, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili mmewahi kupata ajali, hasara au tukio lolote katika miaka kadhaa iliyopita, hata kama hamkudai fidia?

Wengi wetu hujibu hapana, tena bila kusita, na sidhani kwamba hujibu hivyo kwa nia ya kudanganya. Tunapotamka neno ajali tunaona gari lililolala mtaroni, trafiki wakipima barabara kwa hatua, umati ukiwa umejaa na pengine msiba ukifuata. Bampa iliyopasuka ulipokuwa ukirudi nyuma pale soko la Sido, saiti mira iliyong'olewa na bajaji karibu na Kabwe, kioo cha mbele kilichopasuliwa na kokoto katika vumbi la upanuzi wa barabara kuu kati ya Nsalaga na Ifisi: haya yote tunayaita mikwaruzo, na mkwaruzo kwetu huisha siku fundi anapomaliza kupiga rangi. Kwa mtu anayekaa upande wa pili wa meza, kila moja kati ya hayo ni tukio, na swali lake lilikuwa linauliza matukio.

Kwa nini anayataka? Kampuni inapokukatia bima hubeba hatari yako pamoja na hatari za watu wengine wengi, kisha humtoza kila mmoja kiasi inachoona kinalingana na hatari aliyokuja nayo. Haina njia ya kupanda nawe mwaka mzima ikitazama unavyoshika usukani kwenye ukungu wa Isyonje au unavyoteremka Iwambi nyuma ya malori ya Tunduma, kwa hiyo hutafuta dalili. Kugonga nguzo mara moja katika miaka mitano hakuelezi jambo kubwa. Mikwaruzo mitatu ya ubavu uleule ndani ya miezi kumi na minane inaeleza zaidi: pengine gari hulazwa kwenye uchochoro mwembamba, pengine linapita mikononi mwa madereva wanne, pengine mwenyewe huendesha akiwa na simu sikioni. Gharama ya matengenezo ya kila mkwaruzo inaweza kuwa ndogo sana, lakini anayekadiria hatari hutazama zaidi idadi ya matukio na jinsi yanavyofanana. Huo ndio ukweli wa kazi yao, nami sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko kwenye namna fomu inavyojazwa. Fikirini jinsi tunavyokata bima hapa kwetu. Mtu anaamka asubuhi, anakumbuka kwamba bima inakwisha leo, na anajua kwamba kabla ya saa nne atakuwa amesimamishwa Uyole au Nzovwe. Anapita kwa wakala, mara nyingine hata injini hazimi, anatoa kadi ya gari na fedha. Kijana wa kibandani anaingiza namba ya gari kwenye mfumo, na baada ya dakika chache bima imeshaonekana, kwa kuwa siku hizi stika ni za kielektroniki na trafiki huihakiki kwa simu. Kwa bima ndogo, ile inayomkinga mtu wa tatu, ambayo wengi wetu wenye magari binafsi tumezoea kuilipia shilingi 118,000 pamoja na kodi, hakuna mengi ya kuulizwa. Bima kubwa, ile inayolikinga na gari lako mwenyewe, ina fomu yenye kurasa, nayo hujazwa kwa haraka ileile.

Nyingi ya fomu hizo ambazo nimezishika mkononi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kijana anafahamu kwamba jibu moja la ndiyo litamlazimu aandike maelezo, apige simu makao makuu, asubiri kuambiwa kiwango, na kwamba mteja atachoka kusubiri na kwenda kibanda cha jirani. Basi anaweka alama ya hapana kutoka juu hadi chini, anakugeuzia karatasi na kukuonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini. Juu kidogo ya kidole chake pana tamko linalosema kwamba majibu yote ni ya kweli na kamili kadiri unavyofahamu, na kwamba ndiyo yatakuwa msingi wa mkataba wako na kampuni. Ukishatia saini hapo, zile hapana zote zimekuwa zako. Siku ya dai utasema kwamba aliyejaza ni wakala, na utakuwa unasema kweli, lakini karatasi ina saini yako na si yake. Hili linaniuma, maana anayeumia ni mtu aliyelipa ada yake yote kwa wakati.

Nitasimulia kisa kimoja bila kutaja jina la mtu wala la kampuni. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na gari dogo ambalo kwa miaka kadhaa alilikatia bima ndogo tu. Siku moja, akitoka Tukuyu katika ukungu, aligonga kwa mbele upande wa kushoto nyuma ya Costa iliyokuwa imesimama kushusha abiria. Hakuna aliyeumia. Walielewana palepale, akatengeneza gari lake kwa fedha zake, na jambo likasahauliwa. Mwaka uliofuata alikopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo akaweka gari kuwa dhamana, na chama kikamtaka akate bima kubwa. Fomu ikajazwa kama nilivyoeleza. Baada ya miezi sita lori lilimbana kwenye mteremko wa Iwambi, akakwepa, akaingia mtaroni upande uleule wa kushoto, na lori halikusimama.

Mkaguzi wa hasara alikwenda kuliona gari. Wenzangu, mkaguzi anayeijua kazi yake huona kwenye bati mambo ambayo mwenye gari amekwisha kuyasahau. Hugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mahali mlio unapokuwa mzito kwa sababu ya pati. Hubandika sumaku ndogo, na penye pati nene sumaku hainati. Hutazama alama za tarehe zilizopigwa kwenye vioo na taa, akijua kwamba taa moja ikiwa mpya kuliko mwenzake ipo sababu. Hufunua boneti akaangalia kama viungo vya mbele vimelehemiwa kiwandani au uani kwa fundi. Kwa gari la mwalimu alihitaji robo saa tu kujua kwamba pua ya gari lile ilikuwa imekwisha kunyooshwa mara moja.

Tangu hapo dai likabadilika sura. Kampuni ilianza kuuliza ni kipi kilichovunjika mtaroni na kipi kilikuwa kibovu tangu zamani, na kwa nini mwombaji alikana tukio ambalo gari lenyewe linalionyesha. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi mitano. Muda wote huo mwalimu alikwenda kazini kwa bodaboda huku makato ya mkopo yakiendelea kila mwezi. Mwishoni alilipwa sehemu tu, baada ya kusihi sana. Kinachonisikitisha hadi leo ni kwamba mistari miwili kwenye fomu, yenye tarehe, mahali, upande uliogongwa na jina la gereji, ingelimaliza lile suala tangu mwanzo. Pengine wangemwongezea ada kidogo, pengine wangelikagua gari na kupiga picha kabla ya kukata bima, na siku ya dai picha zile zingekuwa shahidi wake yeye.

Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikisoma fomu za wengine kila siku, niliwahi kuliacha tukio. Nilikuwa nimehamishia bima ya gari langu kampuni nyingine, na kwenye swali hili niliandika hapana kwa sababu aliyegonga nguzo ya geti letu alikuwa mke wangu, na niliona kwamba mimi sikugonga kitu. Usiku nikakumbuka maneno yaliyosema "mtu yeyote atakayeendesha". Asubuhi nilirudi na barua ya mistari minne. Hawakunifokea; waliongeza kidogo kiasi ambacho ningebeba mwenyewe endapo dereva atakuwa mtu mwingine, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, nikaondoka. Nawaeleza haya kwa sababu najua wamo humu ndani waliokwisha kutia saini fomu yenye jibu lisilo sahihi na ambao sasa wanahesabu miezi wakiomba Mungu lisitokee lolote. Msisubiri. Barua ya kusahihisha inayofika kabla ya hasara huonekana kwa jicho tofauti kabisa na maelezo yanayotolewa baada ya hasara.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza alinipigia simu akiwa amekasirika. Mtu alikuwa amekwaruza mlango wa gari lake kwenye maegesho ya duka, yeye akatoa taarifa kwa kampuni yake, hakudai hata senti, akalipia rangi mwenyewe. Alipotaka kukata bima kwa kampuni nyingine, ada ikapanda. Kule zipo kumbukumbu za pamoja za kampuni za bima, hazina iitwayo Claims and Underwriting Exchange iliyoanzishwa mwaka 1994, ambamo tukio lililoripotiwa huingizwa hata kama halikuishia kwenye malipo. Marekani nako ipo hazina ya namna hiyo inayotunzwa na LexisNexis, ambayo huweka historia ya madai kwa muda wa hadi miaka saba, na sheria inampa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake bila malipo mara moja kwa mwaka na kupinga lililo na makosa. Nilimwambia mpwa wangu asiache kutoa taarifa kwa hasira ile, bali ahakikishe kwamba tukio lake limeandikwa kuwa taarifa tu, kosa likiwa la mtu mwingine, na malipo sifuri. Alipouliza, kumbe lilikuwa limeachwa wazi kama dai ambalo halijafungwa.

Kwetu mambo hayajafika huko, lakini msifikiri kwamba tukio lenu halionekani popote. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unaonyesha bima iliyokatwa kwa namba ya gari. Kila kampuni ina mafaili yake ya madai, na kampuni mpya inaweza kukutaka ulete barua kutoka kampuni ya zamani kabla ya kukubali punguzo la miaka uliyokaa bila kudai. Polisi wana vitabu vyao vya taarifa, na aliyeumia akachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ameacha alama ambayo haifutiki. Gereji nyingi siku hizi hupiga picha za kazi zao kabla na baada, na kuziweka mtandaoni kwa ajili ya biashara, namba ya gari ikiwa inasomeka. Juu ya hayo yote lipo gari lenyewe, kama lilivyokuwa la mwalimu.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri juu ya tofauti kati ya kutoa taarifa na kudai fidia, maana watu wengi huacha la kwanza kwa kuogopa la pili. Tuchukue gari lenye thamani ya shilingi 20,000,000, na tuseme kiwango cha bima kubwa ni asilimia 3.5. Ada ni shilingi 700,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unalipa 826,000. Tuseme kampuni inakupa punguzo la asilimia 20 kwa sababu hukudai mwaka uliopita: punguzo hilo, pamoja na kodi yake, ni shilingi 165,200. Sasa umegonga nguzo, bampa na taa vinahitaji shilingi 380,000, na mkataba unasema kwamba 200,000 za mwanzo unabeba mwenyewe, kile ambacho mawakala hukiita ekses. Ukidai utapata 180,000, na mwaka ujao utapoteza punguzo la 165,200. Umebaki na shilingi 14,800, bila kuhesabu safari za kwenda ofisini wala muda wa kupanda upya ngazi ya punguzo. Kwa hesabu hiyo mimi ningelipa mwenyewe.

Lakini ningetoa taarifa. Ningeandika barua fupi inayosema tukio lilitokea tarehe fulani, mahali fulani, aliyekuwa akiendesha ni fulani, hakuna aliyeumia, natengeneza kwa gharama zangu na sidai fidia. Ningeambatisha picha mbili na kutaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mikataba mingi inamtaka mkata bima atoe taarifa ya tukio mapema hata kama hana nia ya kudai, na barua hiyo ndiyo itakayojibu swali lile utakapokata bima mwaka unaofuata.

Umuhimu wake unaonekana zaidi pale alipo mtu mwingine. Jirani yangu mmoja alimgusa kijana wa bajaji kwenye mzunguko, bajaji ikalala ubavu, kijana akasimama akajifuta vumbi akasema hana tatizo. Wakayamaliza kwa fedha za kunyoosha bati na soda mbili. Wiki ya tatu kijana alikuja na ndugu zake, nyonga ikiwa imevimba, na polisi wakiwa wamekwisha kumpa PF3. Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima kwa ajili ya kifo au majeraha ya mtu wa tatu, na jirani yangu alikuwa nayo, ila kampuni ilikuwa inalisikia tukio hilo kwa mara ya kwanza, bila mchoro wa polisi, bila picha, bila shahidi, na bajaji ikiwa imekwisha kutengenezwa. Kila mtu alijikuta akibishana juu ya jambo ambalo siku yake lilikuwa wazi kabisa. Penye mwili wa binadamu ulioguswa, hata kama mwenyewe anasema yuko salama, nendeni polisi siku hiyohiyo.

Sasa naomba nizungumze na matajiri, namaanisha ninyi mnaomiliki Haisi, Costa, Noah na bajaji ambazo wengine huziendesha na kuwaletea hesabu jioni. Ninyi ndio mnaotia saini fomu, na ninyi ndio mnaojua machache kuliko wote juu ya yaliyotokea barabarani. Dereva akikwaruza gari anajua kwamba akisema, utamkata fedha au utampa gari mtu mwingine. Kwa hiyo anapita kwa fundi usiku, rangi inapigwa, hesabu inaletwa pungufu kwa kisingizio cha abiria wachache, na wewe mwezi wa saba unaandika kwa moyo mweupe kwamba hakuna tukio lolote. Wala hatujamtaja deiwaka, yule anayeshika usukani nusu siku dereva wako akiwa amelala, ambaye jina lake hulijui na leseni yake hujawahi kuiona.

Nimeshuhudia mzee mmoja mwenye magari matatu aliyelitatua hili kwa daftari la shule. Kila gari lina daftari lake, dereva anaandika kila kilichogusa gari, na kanuni yake ni kwamba kilichoandikwa siku hiyohiyo hakikatwi kwenye hesabu, ila kilichofichwa kikigunduliwa dereva hulipa chote. Mwaka wa kwanza daftari lilijaa hadi akaogopa. Baadaye aliona kwamba zaidi ya nusu ya mikwaruzo ilitokea kwenye kituo kimoja chenye mwinuko, akabadilisha mahali pa kupakia. Alipokwenda kukata bima alikwenda na madaftari yake, na ofisa aliyempokea aliniambia kwamba hakuwahi kupata mwombaji ambaye majibu yake alikuwa na imani nayo kiasi hicho. Mnaweza pia kuangalia faini za barabarani kwa namba ya gari kila mwezi, kwa kuwa shilingi 30,000 zinazojirudia kwa kosa la mwendokasi zitawaeleza tabia ya dereva mapema kuliko mkwaruzo. Kama fomu inauliza habari za makosa ya barabarani, ziandikeni na hizo.

Mtaniuliza kama mzigo huu wote ni wa mkata bima peke yake. Hapana, na sheria yenyewe tangu mwanzo haikusema hivyo. Msingi wa nia njema kabisa katika bima, ambao nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinaufuata, unanasibishwa na hukumu ya Lord Mansfield ya mwaka 1766, katika kesi ya gavana Carter aliyekuwa ameikatia bima ngome huko Sumatra. Kampuni na mawakili hupenda kuinukuu kwa sehemu inayosema kwamba mwombaji lazima aeleze anayoyajua. Wengi hawasemi kwamba katika kesi ile aliyeshinda alikuwa Carter, mkata bima, kwa sababu hakimu aliona kwamba mwenye kutoa bima alikuwa anajua au angeweza kujua hali ya hatari aliyokubali kuibeba, na naye alifungwa na wajibu uleule wa nia njema.

Waingereza wenyewe wamekwenda mbele zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 2012 inayohusu bima za watu binafsi, mwombaji anatakiwa kuchukua uangalifu wa kawaida asitoe jibu la uongo, na akikosea kwa uzembe tu, wakati kampuni ingemkubali kwa ada kubwa zaidi, dai lake hupunguzwa kwa uwiano. Aliyelipa 800,000 badala ya 1,000,000 hulipwa asilimia 80 ya hasara yake. Naona huo ni uadilifu, na ningependa kuona sheria yetu ikitofautisha vilevile kati ya mwalimu aliyesahau bampa na mtu aliyeficha gari lililopinduka. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, nawaomba mawakala mlio humu mfanye jambo dogo lililo ndani ya uwezo wenu: someni swali kwa sauti, kwa Kiswahili, tajeni mifano ya bampa na saiti mira, semeni ni miaka mingapi inayoulizwa, na mwacheni mteja aandike jibu kwa mkono wake. Kampuni nazo ziseme wazi kama tukio lisilodaiwa linaongeza ada au haliongezi, kwa sababu mtu anayeadhibiwa kwa kutoa taarifa atajifunza kunyamaza.

Na wewe mwenye gari, usikubali kila linaloandikwa juu yako. Ukiambiwa ada imepanda kwa sababu ya historia, omba uonyeshwe ni tukio lipi, la tarehe gani, na limeandikwa kuwa la nani. Nimekuta madai ya gari lililouzwa yakimfuata aliyenunua, na nimekuta dai moja limeingizwa mara mbili kwa sababu kioo na bampa vilitengenezwa wiki tofauti. Makosa ya namna hiyo husahihishwa kwa barua, kadi ya gari na risiti. Kampuni ikikataa kukusikiliza, ofisi ya TIRA ya kanda yetu iko hapahapa Mbeya, na kwa mgogoro wa fidia yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambaye humsikiliza mwananchi hata kama hana wakili.

Nimekuja na nakala za fomu tupu, ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na swali ninalolizungumzia ni la tisa, ukurasa wa pili. Kila mtu achukue moja na kalamu. Waliokuja na madereva wao wakae nao. Tupeane dakika ishirini, kila mmoja akumbuke na kuandika kila kilicholigusa gari lake tangu miaka mitatu iliyopita, kisha nitapita meza kwa meza tusomane majibu.